Maswali ya Wasomaji: Nijaribu Linux au Nibaki na Windows?

Tangu Microsoft iliposimamisha masasisho ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, barua zenu nyingi zinauliza jambo moja: kompyuta ni nzima, Windows 11 imeikataa, na kuna mtu amesema weka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Safari hii safu yote tumewaachia wenye swali hilo.

Nina ThinkPad T460, prosesa ya i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Natunga mitihani kwenye Word, najumlisha alama kwenye Excel, nachapa, natazama video za masomo. Fundi mmoja anataka kunipigia Windows 11 kwa nguvu, mwingine anasema ninunue mashine nyingine, mpwa wangu anasema Linux. Nimsikilize nani?
*Mwalimu wa sekondari, Morogoro*

Msikilize mpwa, Mwalimu, ila kwa hatua mbili, na ya pili usiifanye mpaka ya kwanza ikuridhishe. Kuijaribu Linux ni jambo moja, kuisakinisha ni jingine. Ukiijaribu kutoka kwenye flashi, diski yako haiguswi.

Windows 11 kwa jumla inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama iliyomo ndani ya kompyuta. Kuilazimisha kunawezekana, lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haina haki ya masasisho. Leo yataingia, kesho yanaweza kukatika, na toleo kubwa jipya likitoka itabidi umwite fundi tena. Hatuoni sababu ya kuweka mitihani ya shule juu ya msingi wa namna hiyo.

Kabla ya kupakua chochote, chukua karatasi uorodheshe kila programu unayoifungua katika mwezi mzima. Andika na aina ya faili, kwa sababu uamuzi wote unasimama hapo. Kwa upande wa alama, Calc, jedwali la hesabu la LibreOffice (programu za ofisi za bure zinazotumika kwenye Linux), inazielewa SUM, AVERAGE, IF, VLOOKUP na RANK, hivyo jumla na nafasi za wanafunzi zitatoka sawa. Kinachokwama ni makro, yaani amri ndogo zilizoandikwa ndani ya faili. Kama umepewa fomu ya Excel yenye kitufe cha kubonyeza ili ijijaze au ijikague yenyewe, huenda faili likafunguka na kitufe kisifanye kazi.

Kwa Word, tatizo la kawaida ni fonti, yaani mtindo wa herufi. Calibri haipo kwenye Linux, na ikibadilishwa na fonti nyingine yenye upana tofauti mistari inasogea: swali la 5 lililoishia ukurasa wa kwanza linajikuta ukurasa wa pili. Dawa yake ni kuhakikisha zipo fonti za Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana uleule wa Calibri na Cambria. Hata hivyo, mtihani unaokwenda kuchapwa kwingine utume kwa PDF.

Sasa jaribio lenyewe. Linux ina aina nyingi; pakua iitwayo Linux Mint, toleo la Cinnamon. Faili lake la ISO, lenye mfumo mzima, linakaribia GB 3, basi lipakue kwa bando la usiku, kisha lihakiki. Upakuaji uliokatikakatika ndio unaozaa flashi inayogoma katikati ya kuwaka, na watu huishia kuilaumu Linux. Ndani ya Windows, fungua dirisha la amri kwenye folda yenye faili hilo uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Linganisha mfuatano utakaotokea na ule uliowekwa kwenye tovuti ya Mint. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Andaa flashi ya GB 8 au zaidi, ukijua kwamba kila kilichomo kitafutika, uliandike faili hilo ndani yake kwa programu ya Rufus. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa, na nembo ya Lenovo ikitokea gonga F12 mfululizo, uchague flashi. Kwenye Dell nyingi ni F12 vilevile, kwenye HP ni Esc halafu F9.

Ukishaingia, fanya kazi zako halisi. Unganisha waifai. Cheza video usikie spika. Punguza mwanga wa skrini kwa vitufe vya kibodi. Funga kifuniko dakika tano, kisha kifungue uone kama kompyuta inaamka na waifai inarudi yenyewe. Hapa ndipo kasoro nyingi za laptopu hujificha. Chomeka projekta. Chapa ukurasa mmoja. Fungua mtihani wa mwaka jana, tena ule wenye majedwali na michoro. Mafaili ya kujaribia yaweke kwenye flashi ya pili, kwani Windows yenye Fast Startup haifungi diski kikamilifu inapozimwa, na Linux itakuruhusu kusoma tu, au itakataa kabisa. Usipime kasi siku hiyo, maana kila kitu kinasomwa kutoka kwenye flashi. Ukizima, ulichohifadhi ndani ya mfumo huo kinapotea.

Ukiridhika, tunakushauri usiisakinishe juu ya Windows wala kando yake. Nunua SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 inatosha, uiweke mahali pa diski ya zamani. T460 ina betri ya pili ndani, kwa hiyo kabla ya kuifungua ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta yenyewe, kabla mfumo haujawaka), sehemu ya Config kisha Power, uchague "Disable Built-in Battery", halafu toa na betri ya nyuma. Diski ya zamani itie kwenye bahasha na Windows yake na mafaili yake yote. Sasa hata ukichagua "Erase disk and install" hakuna kinachoweza kufutika, na Linux ikikushinda unarudisha diski yako unaendelea kama zamani. Uzito mwingi unaolaumiwa Windows unatokana na diski ya kuzunguka. Kwa SSD hiyo utaona tofauti hata usipobadili mfumo.

Baada ya kusakinisha, washa Timeshift ichukue picha ya mfumo mara moja kwa wiki. Inalinda mfumo, hailindi nyaraka. Hizo zihifadhi kwenye diski ya nje. Matoleo ya Mint 22 yatapata masasisho hadi 2029, bila kulipia.

Nina stationery yenye kompyuta mbili, printa ya Epson L3250 na Canon LBP2900. Tunachapa kazi za wateja, tunapiga picha za pasipoti na kuzitengeneza kwa Photoshop. Virusi vya flashi za wateja vimetuchosha. Nihamishe zote mbili?
*Mwenye duka, Mombasa*

Hamisha moja, nyingine iache na Windows. Photoshop haina toleo la Linux. GIMP, programu ya picha ya Linux, inaweza kukata picha ya pasipoti na kusafisha mandhari ya nyuma, lakini mfanyakazi aliyezoea Photoshop atahitaji muda wa kujifunza, na foleni ya wateja haimsubiri. Kuna jambo zito zaidi: mteja akileta CV aliyoiandika kwenye Word, ikitoka imesogea atalilaumu duka lako.

Epson L3250 haina shida: draiva yake ya ESC/P-R inapatikana, na kwa skana Epson wana Epson Scan 2 ya Linux. LBP2900 ndiyo yenye usumbufu. Inatumia lugha ya Canon iitwayo CAPT, draiva yake ni ya zamani, na mara nyingi inachapa leo na kesho inanyamaza. Ibaki kwenye ile ya Windows.

Kompyuta ya Linux ifanye mlango wa flashi. Kile kirusi kinachoficha folda za mteja na kumwachia njia za mkato hakiwezi kufanya kazi pale, na folda zilizofichwa utaziona na kuzinakili. Angalizo: Linux haiui kirusi kilichomo. Ukinakili kila kitu kutoka flashi moja hadi nyingine, mteja ataondoka nacho. Nakili nyaraka zake tu, na faili lolote lenye mwisho wa .lnk, .vbs au .exe liache hapohapo.

Natumia QuickBooks ya kompyuta, si ya mtandaoni. Nikiweka Linux itafanya kazi?
*Mhasibu, Arusha*

Hapana, na usijaribu kuizungusha kwa Wine (programu inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux) kwenye hesabu za watu. Unaweza kuiendesha Windows ndani ya Linux kwa VirtualBox, lakini utahitaji leseni ya Windows na RAM ya GB 16 ili upumue, na Windows hiyo nayo itadai masasisho yake. Kama programu hiyo ndiyo inayokulisha, baki ulipo.

Nimeweka Mint kando ya Windows. Nikitoka Mint kuingia Windows, saa inarudi nyuma saa tatu. Juzi Windows ilijisasisha, sasa kompyuta inaingia Windows moja kwa moja, Mint siioni.
*Mwanafunzi, Kisumu*

Saa tatu hizo ni tofauti ya Afrika Mashariki na saa ya dunia, UTC. Linux huiandika saa ya ndani ya kompyuta kwa UTC, Windows huisoma kana kwamba ni saa ya hapa. Ingia Mint, fungua tamino (Terminal, dirisha la amri), andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Mint yako haijafutika. Windows imejiweka ya kwanza kwenye mpangilio wa kuwaka. Ingia BIOS, sehemu ya Boot, utafute jina "ubuntu" ulipandishe juu. Usitafute "Mint", kwa sababu Mint imejengwa juu ya Ubuntu na hujiandikisha kwa jina hilo. Na kama hujazima Fast Startup ya Windows, ile inayofanya diski isifungwe kikamilifu, izime leo.

Mwanangu ana laptopu ndogo ya Celeron, RAM GB 2, hifadhi GB 32. Tumejaribu Mint kwa flashi, waifai haionekani kabisa. Tena, je, Linux ipo kwa Kiswahili?
*Mama wa mwanafunzi, Unguja*

Mama, chukua simu ya Android, iunganishe na laptopu kwa waya wa data, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Intaneti itaingia bila waifai. Hakikisha waya si ule wa kuchajia tu. Baada ya hapo fungua Driver Manager. Kama kadi ya waifai ni ya Broadcom, draiva itaorodheshwa pale. Mkiamua kusakinisha kwenye kompyuta yenye Secure Boot (kinga inayozuia programu zisizotambuliwa wakati wa kuwaka), mtaombwa kuweka nywila, na ikiwaka tena itatokea skrini ya buluu. Wengi huipita kwa haraka, na waifai haiji. Chagueni "Enroll MOK", muandike nywila ileile.

RAM GB 2 ndicho kiwango cha chini kabisa cha Mint. Chukueni toleo la Xfce, lililo jepesi zaidi. Kuandika insha na kusoma PDF kutawezekana, lakini kivinjari chenye kurasa nne au tano kitaifanya igande. Hifadhi ya GB 32 inatosha kwa Mint peke yake, haitoshi kwa mifumo miwili, hivyo nakilini kwanza kila kilichomo. Kama kifuniko cha chini kina nafasi ya RAM inayobadilishwa, ongezeni ifike GB 4 kabla ya kitu kingine. Kwenye nyingi za aina hiyo RAM imechomelewa, basi fundi aangalie kwanza.

Kuhusu Kiswahili, kazi ilianza mapema: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Leo menyu za Mint zimetafsiriwa nusunusu, na mtoto atakutana na Kiingereza kila mara. LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Isakinisheni, kisha kwenye Tools, Options, Languages mchague Kiswahili kuwa lugha ya nyaraka, vinginevyo kila neno la insha yake litapigiwa mstari mwekundu.