Mawimbi ya ubongo kumsaidia msanifu majengo, inawezekana?
Inawezekana ila kwa kiasi. Mtu anavalishwa kofia ya EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) yenye elektrodi, yaani vihisi vinavyogusa ngozi ya kichwa, anatembezwa ndani ya jengo ambalo bado ni modeli ya kompyuta tu, halafu programu inalinganisha ishara zake kwenye korido nyembamba na kwenye ukumbi wenye mwanga. Shida kubwa ni kelele, yaani umeme usiotakiwa unaoingia kwenye ishara, maana ukipepesa jicho tu au ukigeuza shingo umeme wa jicho au wa misuli unafunika ule wa ubongo, kwa hiyo lazima ishara zisafishwe kwanza. Utafiti mmoja wa 2013 ulitumia fMRI (mashine ya kupiga picha za ubongo ukifanya kazi), watu wakaona vyumba vyenye mistari ya mviringo ni vizuri kuliko vya kona kona, ila jamani walikuwa wamelala kwenye mashine wanaangalia picha, hawajaingia chumbani! Mimi ningeitumia teknolojia hii kulinganisha michoro miwili, siyo kuiachia ichore.