Kulia baada ya hasara si kukosa imani

SWALI: Asalaam alaikum shekhe. Mimi ni mama wa watoto wanne, naanika dagaa Kibirizi, Kigoma. Masika haya mvua ilinyesha dagaa zikiwa mchangani, zikaoza zote, nami nilizinunua kwa mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa. Nililia mbele za watu. Ustadhi mmoja akaniambia furaha mtu hujichagulia, na muumini anayehuzunika haamini kadari, yaani majaaliwa ya Mwenyezi Mungu. Sasa naona hata sala zangu hazipokelewi. Nyumbani nimekuwa mkali, watoto wananikimbia. Je, nina dhambi?

JIBU: Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Pole sana, mama. Kwa machozi yale huna dhambi.

Maneno uliyoambiwa yameenea mno siku hizi, na yananiuma, kwa sababu humwongezea mwenye kidonda kidonda kingine. Kama huzuni ni kukosa imani, Nabii Yaakub tutamweka wapi? Sura Yusuf, aya ya 84, inasema macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni, naye ni Nabii. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia. Sahaba wake Abdurrahman bin Auf akastaajabu, akajibiwa kwamba hiyo ni rehema. Mtume akasema: "Jicho latoa machozi, moyo wahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu." Na katika dua aliyoipokea sahaba Anas, Mtume alijikinga kwa Allah na hamu, yaani wasiwasi wa moyo, na huzuni, na humo humo akajikinga na uzito wa deni. Mtu hujikinga na kinachomjia bila kukitaka. Huyo ustadhi angeisoma dua hii mpaka mwisho, asingekuhukumu.

Unachokichagua ni kinachofuata baada ya huzuni kuingia: ulimi, mkono, na dhana yako kwa Mola wako. Yaakub alichagua, akasema: "Hakika mimi namshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu." Nawe mdhanie mema, usijitangazie kwamba sala zako zimekataliwa. Hilo hakuna aliyekupa habari yake.

Kwa watoto, mama, hapo sikupi udhuru. Hawakuileta mvua. Ukali ukianza kupanda, jitambue mapema, kabla ya neno la kwanza. Kama umesimama, keti, na usipotulia, lala. Hivyo ndivyo Mtume alivyofundisha. Ukishamkaripia mtoto bila kosa, mwite umwombe radhi. Hutapungukiwa heshima yako.

Mkopo wenyewe ni wa riba, na riba ni haramu, tubu, usiurudie. Lakini usimkimbie anayekudai wala usizime simu. Nenda na mtu mzima mwenye kuheshimika, muombe muda. Al-Baqara, aya ya 280, inamwamuru mdai ampe muda mwenye dhiki. Kisha ipeleke karatasi ya mkopo kwa imamu wa msikiti wako. Usione haya: Tawba, aya ya 60, imewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahili zaka, kwa hiyo ukipewa, umepewa haki yako.