Mtoto kunenepa: ni damu ya baba au ni mazoea ya nyumbani?
Dada, umeuliza kama kijana wako wa miaka 8 ananenepa kwa sababu "kachukua mwili wa baba yake", na kama kuna la kufanya. Lipo. Damu inachangia kweli, ila mtoto harithi mwili tu. Anarithi na mlo wenu, na jioni zenu.

Binti yangu alikuwa anashushwa na basi la shule getini saa kumi na moja, anapewa juisi ya pakiti na simu ili dada wa kazi apike kwa utulivu. Nje hatumruhusu, bodaboda nyingi. Sisi tukirudi ni kochi na tamthilia. Angejifunzia wapi kukimbia? Bibi yake akija anafurahi, "mjukuu kanawiri!" Hapo ndipo pagumu, maana kwetu unene wa mtoto bado ni sifa kwa mama.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku. Si lazima uwanja. Tulianza kwenda sokoni kwa miguu wote watatu, na Jumamosi rede uani, mimi na kanga yangu kiunoni. Juisi za pakiti tukaacha kununua kabisa, baba pia.

Usimpikie peke yake chakula cha "kupunguza", wala msimwite bonge. Mtoto anasikia. Kama anakoroma sana usiku au anachoka haraka, mpeleke kliniki apimwe.