Tetesi za Tesla na pesa yako: fungua daftari kwanza

Soko la Nasdaq, ambako hisa za Tesla zinauzwa, linafunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu, na wakati wa baridi Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma linafunguliwa saa kumi na moja na nusu. Ndiyo maana hapa Tanga mjadala wa kampuni hiyo ya magari ya umeme huanza watu wakitoka kuswali alasiri na kuendelea mpaka usiku mkubwa. Mimi ni mtunza hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, Ngamiani. Zamani vijana walinijia kuuliza mkopo wa bajaji au mtaji wa duka. Siku hizi wapo wanaoniuliza kama Elon Musk, mtendaji mkuu wa Tesla, anaondoka, kama lile gari la bei nafuu linalosemwa linakuja kweli, kama wauze au waongeze. Nawaandikia hao, kwa sababu pesa wanayoizungushia maneno haya ni ya jasho lao, na mara nyingine ni ya mama zao.

Asubuhi ya Mei Mosi 2025 mtoto wa kaka yangu alibisha hodi simu ikiwa mkononi. "Shikamoo shangazi. Musk anang'olewa. Soko likifunguliwa jioni niuze?" Gazeti la The Wall Street Journal lilikuwa limeandika kwamba bodi ya Tesla imewasiliana na kampuni zinazotafuta watendaji wakuu, ili apatikane wa kumrithi. Nikamwambia, marahaba baba, kaa kwanza. Kampuni yenyewe imesemaje? Hakuwa ametazama. Tukatafuta pamoja, tukakuta mwenyekiti wa bodi, Robyn Denholm, ameshatoa kauli kwamba habari hiyo si kweli na kwamba bodi ina imani na mtendaji wake.

Sikumwambia gazeti limedanganya, wala sikumwambia mwenyekiti ndiye mkweli. Hatukuwemo kikaoni. Nilimuuliza jambo jingine: ulinunua kwa sababu gani? Kama ulinunua kwa sababu ya Musk, basi habari ya kuondoka kwake inakuhusu, iwe kweli au si kweli, na ulipaswa kujua tangu siku ya kwanza utafanya nini ikitokea. Kama ulinunua kwa sababu ya magari, tuhesabu magari. Alinyamaza muda mrefu. Hakuwa amewahi kuiandika sababu yake popote.

Hapo ndipo nilipompa daftari. Ninalo langu pia, la kurasa nene, la kawaida kabisa kama lile la marejesho ya mikopo. Lina safu nne: tarehe ahadi ilipotolewa, kilichoahidiwa, tarehe kilipotakiwa kuwa tayari, na kilichotokea. Tetesi haiingii kwenye safu hizo. Inaandikwa pembeni kwa penseli, na jina la aliyeisema.

Tazama daftari linavyosomeka. Novemba 2017 Tesla ilionyesha lori la Semi, ikasema uzalishaji utaanza 2019. La kwanza lilikabidhiwa kwa kampuni ya vinywaji ya PepsiCo Desemba 2022. Siku ileile ya 2017 ilionyeshwa Roadster mpya, gari la kasi lililoahidiwa 2020, na mpaka naandika haya hakuna mteja aliyekabidhiwa. Novemba 2019 ikaja Cybertruck, gari la pikapu, kwa bei ya kuanzia dola 39,900. Wateja wa kwanza walilipata Novemba 2023, na bei ya kuanzia ilikuwa imepanda mpaka dola 60,990. Aprili 2019 Musk alisema mwaka unaofuata kutakuwa na teksi zaidi ya milioni moja zinazojiendesha. Huduma hiyo ilianza Juni 2025 mjini Austin, kwa magari machache, na wakati ule ndani ya kila gari aliketi mfanyakazi wa kuangalia usalama.

Mtu akisoma ukurasa huo peke yake atasema kimbia. Lakini haki ya daftari ni kuandika na yaliyotimia. Hisa za Tesla zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza, Juni 2010, bei ilikuwa dola 17, na tangu hapo kila hisa moja imegawanywa mpaka kuwa 15. Gari la Model Y liliongoza kwa mauzo duniani mwaka 2023, likayapita hata yale ya mafuta. Aliyekaa pembeni miaka yote kwa sababu ahadi zinachelewa alikosa faida kubwa mno. Kwa hiyo ninachojifunza kwenye kurasa hizi ni muda: Musk akisema mwaka ujao, mimi naongeza miaka mitatu, kisha najiuliza kama pesa yangu inaweza kukaa huko muda wote huo bila kuhitajika. Ada ya shule haiwezi. Pesa ya kodi ya nyumba haiwezi.

Jambo linalowachanganya vijana zaidi ni kwamba bei haifuati magari. Tesla ilikabidhi magari milioni 1.81 mwaka 2023, milioni 1.79 mwaka 2024, na kama milioni 1.64 mwaka 2025, mwaka ambao kampuni ya BYD ya China iliipita kwa magari yanayotumia betri peke yake kwa kuuza milioni 2.26. Mauzo yalishuka miaka miwili mfululizo, na bado Desemba 2025 hisa ilifunga kwa bei ya juu kuliko zote za nyuma. Wanunuzi wa hisa wanalipia teksi zisizo na dereva na roboti ambazo bado hazijaleta pesa ya maana. Sisi wa Tanga tuna mashahidi wa biashara ya namna hiyo: bei ya katani ilipopaa wakati wa vita vya Korea, mashamba yalipangiwa mipango kana kwamba bei ile ni ya kudumu, na kamba za nailoni zilipokuja bei ikaanguka; mnayajua wenyewe mashamba na mabanda yaliyobaki njia ya Muheza na Korogwe.

Sasa uongozi. Hapa ndipo tetesi zinapouma, kwa sababu mtu mmoja kwa kauli moja anaweza kuitikisa bei. Agosti 7, 2018 Musk aliandika mtandaoni kwamba anafikiria kuiondoa Tesla sokoni kwa kuwalipa wenyehisa dola 420 kwa hisa na kwamba fedha zimepatikana. Bei ikaruka siku hiyohiyo. Siku 17 baadaye mpango ukafutwa. Mamlaka ya masoko ya Marekani ikamshtaki, na suluhu ikawa yeye kulipa dola milioni 20, kampuni nayo milioni 20, na yeye kuuacha uenyekiti wa bodi. Ndivyo Denholm alivyokipata kiti. Juni 5, 2025, Musk alipogombana hadharani na Rais Trump, hisa zilishuka asilimia 14 kwa siku moja. Kiwandani hakuna kilichobadilika siku hiyo.

Ushauri wangu ni kusoma karatasi zenye sahihi, na zipo bure. Taarifa ya mwaka ya Tesla inasema yenyewe waziwazi, kwenye sehemu ya hatari, kwamba kampuni inamtegemea mno Musk. Halafu soma mkataba wake wa malipo ambao wenyehisa waliupitisha Novemba 2025 kwa zaidi ya asilimia 75 ya kura. Unaweza kumpa hisa za thamani ya karibu dola trilioni moja, lakini kwa masharti: thamani ya kampuni ifike dola trilioni 8.5, magari yaliyokabidhiwa yafike milioni 20, roboti milioni moja, teksi za kujiendesha milioni moja. Malipo hayo yamegawanywa kwa mafungu, na mawili ya mwisho yamefungwa pia na sharti la kushiriki kuandaa utaratibu wa kumpata mrithi wake. Ukitaka kujua bodi inamtaka Musk abaki au aondoke, na inataka kampuni iende wapi, karatasi hiyo inakueleza kuliko kijiwe chochote.

Na usimtazame bosi tu. Watazame wanaoondoka bila kelele. J.B. Straubel, fundi mkuu wa miaka ya mwanzo, aliondoka 2019 (baadaye akarudi kama mjumbe wa bodi). Zachary Kirkhorn, mkuu wa fedha, aliondoka 2023. Drew Baglino, aliyesimamia betri na injini, aliondoka Aprili 2024. Mimi katika kikundi chetu nikisikia katibu na mhasibu wameacha ndani ya mwaka mmoja, nitaitisha kikao hata kama mwenyekiti anatabasamu.

Kuna jambo jingine nililiona kwenye simu ya yule kijana, nalo limenisumbua kuliko Musk. Alidhani ana hisa. Nilipofungua akaunti yake, niliona ameweka dola 50 na programu imemruhusu kubashiri kana kwamba ana dola 1,000. Hiyo si hisa. Ni mkataba wa kubashiri bei na dalali, hauna kura, haukufanyi mwenyehisa, na bei ikishuka asilimia tano tu pesa yako yote imekwenda. Vijana wanaita kuunguza akaunti. Kwa Tesla, asilimia tano kwa siku moja si ajabu. Hata ukiwa sahihi kwamba baada ya miaka mitano kampuni itapanda, akaunti ya namna hiyo haikufikishi hata Ijumaa. Tuliifunga palepale mezani, akatoa kilichobaki.

Kabla hujatuma hata shilingi kwa mtu anayekuahidi kukuwekezea, uliza kama ana leseni ya CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Akikujibu kwa picha za magari ya kifahari, ondoka.

Kama hamu yako ni kuanza kuwekeza, Soko la Hisa la Dar es Salaam lipo, na hapa kwetu mamlaka ya maji, Tanga UWASA, ilitoa mwaka 2024 hatifungani ya kijani (unaikopesha mamlaka kwa mradi unaojali mazingira, nayo inakulipa riba) ya shilingi bilioni 53.12, muda miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Fedha zake ni za kupanua huduma ya maji tunayokinga wenyewe kwenye ndoo, na kazi ikisuasua utaiona kwa macho yako. Haitakutajirisha kwa usiku mmoja. Anayetaka kuelekezwa namna ya kufungua akaunti kwa dalali mwenye leseni aje Jumamosi baada ya kikao chetu, na namba yake ya NIDA na daftari.