Jibu: Kind of Blue, santuri ya zamani au toleo jipya?

Ndugu yangu, masikio yako hayakudanganyi. Unasema santuri yako ya zamani ya Kind of Blue, albamu ya jazz ya mpiga tarumbeta Miles Davis, noti zake zinasikika juu kidogo kuliko za toleo jipya ulilonunua kwa bei kubwa. Ni kweli kabisa, na si kosa la pleya yako.

Siku ya kurekodi nyimbo za upande wa kwanza, Machi 1959 huko New York, mashine kuu ya kurekodia ilikuwa ikizunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Kanda ile ilipochezwa kwa mwendo wa kawaida, muziki ukaenda mbio kidogo na noti zote zikapanda. Kasoro hiyo ilidumu kwenye santuri kwa miaka zaidi ya 30, hadi matoleo ya miaka ya 1990 yaliyotumia kanda ya mashine ya akiba, iliyokuwa sawa.

Kwa hiyo linganisha kwa upande wa pili, uliorekodiwa Aprili bila tatizo hilo. Safisha santuri zote mbili, tumia sindano ileile, na usawazishe sauti kwanza, maana inayosikika kwa nguvu zaidi hupendwa upesi hata kama si bora.

Mimi tarumbeta naipenda kwenye ile ya zamani. Santuri hiyo ilichongwa kutoka kwenye kanda ikiwa bado mpya. Ila kwa So What, wimbo wa upande wa kwanza, nasikiliza toleo jipya, na ya zamani siiuzi ng'o.