Re: Diwani wa Mwanza anaweza kuruka moja kwa moja hadi ubunge?

Mkuu, umeuliza kama udiwani ni ngazi ya ubunge au ni kupoteza muda. Katiba haidai uwe diwani kwanza. Ibara ya 67 inataka uwe raia, umefikisha miaka 21, unajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na umependekezwa na chama. Basi.

Ila mtazame Stanslaus Mabula wa hapa Nyamagana, jimbo la jijini Mwanza. Alikuwa diwani wa Mkolani, madiwani wenzake wakamchagua meya wa jiji, na mwaka 2015 akamng'oa Ezekiel Wenje wa CHADEMA kwenye ubunge. Umeya ndio uliombeba, kwa maoni yangu: jina lake lilivuka mipaka ya kata. Diwani wa kawaida anajulikana Igogo, lakini Butimba hawamjui hata kwa sura.

Halafu kuna faida ambayo watu wanaisahau. Diwani ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, na kwenye baraza la madiwani anapitisha bajeti ya halmashauri. Wamachinga wapangwe wapi, zahanati imekwama wapi, hayo ameshayatukaniwa mpaka amezoea. Akifika bungeni Dodoma, swali lake la nyongeza lina nyama.

Usidhani cheo kinatosha, lakini. Lawrence Masha alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Wenje huyohuyo akamwangusha Nyamagana 2010.

Kama ni wewe unayejipima (nahisi hivyo), hofia zaidi kura za maoni ndani ya chama, zile za kumpata mgombea. Wengi huishia hapo.