Keki za Kijiti: Zilinitoa Machozi Kabla ya Kunipa Oda

Jumamosi iliyopita nimepeleka keki za kijiti 60 kwenye bethidei ya mtoto wa miaka mitano kule Segerea, na hakuna hata moja iliyodondoka. Sitini! Nimerudi kwa bajaji na boksi tupu mapajani, natabasamu njia nzima. Usiku nikafungua simu nikakuta ujumbe wa msomaji: "Dada, nimejaribu mara tatu. Zinateleza kwenye kijiti zinazama kwenye chokoleti. Naona hii kazi siyo yangu."

Mdogo wangu, maneno hayo niliyasema mimi nikiwa nimekaa sakafuni jikoni kwangu Tabata, saa nane usiku.

Kuoka keki ya kawaida najua mnaweza, sitakaa huko. Keki ya kijiti ni keki iliyokwisha kupoa, ukaifikicha kwa vidole mpaka ikawa chengachenga, ukachanganya na krimu ya siagi, ukaviringa, ukachomeka kijiti na kuchovya kwenye chokoleti. Kule Marekani zilivuma kuanzia mwaka 2008, alipozionyesha Angie Dudley, mwanablogu wa keki wanayemwita Bakerella. Nilipoziona kwenye simu nilidhani ni mchezo wa watoto. Lakini mimi napika Dar, na mwezi wa pili chokoleti inalainika yenyewe mezani.

Oda yangu ya kwanza ilikuwa ya kicheni pati, vipande 40. Nilikuwa nimejaribu mara moja tu, vipande sita, vikaliwa na wanangu kabla hata havijakauka. Nikapokea advansi. Nikaoka vizuri, kisha nikamimina krimu yote niliyokuwa nayo kwa sababu napenda keki laini. Mchanganyiko ukawa kama ugali wa mtoto. Nikasema friji itausaidia. Saa tatu usiku umeme ukakatika, ukarudi alfajiri. Nikachovya hivyo hivyo. Kila nikiinua kijiti, kinakuja chenyewe, tonge limebaki chini kwenye bakuli.

Zilizosimama zilikuwa 14. Nyingine nilizipanga kwenye sahani bila vijiti, nikapeleka. Mama aliyeniagiza akafunua boksi mbele ya wenzake akauliza, "Haya maandazi ndiyo uliyotuambia?" Wakacheka wote. Advansi nilirudisha siku ileile. Mpaka leo nikipita nyumba ile naangalia upande wa pili wa barabara. Inauma, siwezi kuwadanganya.

Sikuoka wiki tatu. Nilipoanza tena, nilianza kwa kujiuliza tonge linaachiaje kijiti.

La kwanza ni krimu. Keki ya unga robo kilo haihitaji zaidi ya vijiko vinne vya chakula, na mimi naweka kimoja kimoja. Bana kiganjani: ikishikana bila kunata vidoleni, acha hapo hapo. Keki yenyewe ina mafuta na unyevu wake. Viringa tonge la gramu 30 hivi, kama ndimu ndogo. Likizidi, kijiti hakilimudu.

La pili ni kijiti. Kabla ya kukichomeka, chovya ncha yake sentimita moja kwenye chokoleti, ingiza mpaka katikati ya tonge, usitokeze upande wa pili. Kisha weka kwenye friji dakika 20. Chokoleti ile ikiganda ndiyo gundi yenyewe. Mdogo wangu, naamini hapa ndipo unapokosea, kwa sababu wote tunaparuka. Tunaona ni kupoteza muda. Subiri.

La tatu ni joto, na hili lilinitesa kuliko yote. Nilipoogopa kudondosha, nikaanza kugandisha matonge kwenye friza. Yakawa magumu kama kokoto, nikachovya kwenye chokoleti ya moto, yakatoka yanang'aa. Baada ya nusu saa yote yamepasuka. Tonge la baridi likianza kupata joto linatanuka, ganda la chokoleti limeshakaza, linapasuka. Siku hizi natumia friji tu, na nayatoa nje dakika kumi kabla ya kuchovya. Chokoleti nayo naiacha ipoe mpaka bakuli lake nashika bila kuungua. Subiri tena.

Chokoleti ninayotumia ni ya kompaundi, ile yenye mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao. Unaiyeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, bakuli lisiguse maji. Tone moja la maji likiingia inashikana na kuwa uji mzito. Rangi za maji pia zinaiharibu, tafuta za mafuta. Ikiwa nzito, ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia. Ukishachovya, usikoroge na tonge. Lizamishe, linyanyue, gonga mkono wako taratibu ziada idondoke. Vijiti nilivisimamisha kwenye boksi la viatu nililolitoboa matundu, miezi mingi tu, kabla sijapata lile povu gumu jeupe la kwenye maboksi ya televisheni.

Sasa nawaambia kama dada yenu: msipokee pesa ya mtu kabla hamjatengeneza 40 za kwenu, mkazila, mkawapa majirani. Tunapenda picha ya kazi kuliko kazi. Tunataka oda kabla ya mikono kuzoea, halafu tukiaibika tunasema kuna mtu katuonea kijicho. Mimi nilisema hivyo, na haikuwa kweli. Ilikuwa krimu.

Mama wa yule mtoto wa Segerea aliniambia namba yangu alipewa na mgeni aliyekuwepo kwenye kicheni pati ile. Alikuwa amekula sahani ile isiyo na vijiti. Sikumuuliza jina.

Wewe mdogo wangu, oka leo jioni, keki ilale usiku kucha. Kesho fikicha nusu tu, tengeneza kumi. Chomeka vijiti, funga mlango wa friji, nenda kafue au kaswali, usirudi kuchungulia. Kisha niandikie ya kumi imesimamaje.